Maswali ya wasomaji: Ami, watu watatu wanataka kuingia kwenye boti yangu

Assalaam alaykum Ami. Mimi kijana wa Nungwi, miaka 31, nimeendesha boti za wageni za watu wengine miaka 11 sasa, Mnemba, Kendwa, Tumbatu, sanseti, kuvua, zote nazijua. Nimejibana nimepata milioni 14 na nataka boti yangu mwenyewe, faiba futi 30 na mashine mbili za nguvu farasi 40, hesabu yangu na vifaa vyake inafika kama milioni 45. Hela haifiki ndo nikaanza kutafuta patna, wamekuja watatu. Wa kwanza shemegi yangu, kaka wa mke wangu, yuko Muscat miaka mingi, anaweza kutoa 30 kwa mpigo ila anataka kila mwezi nimtumie laki sita, iwe kuna wageni iwe hakuna. Wa pili kaka mmoja yuko mapokezi kwenye hoteli ya hapa hapa, hela hana ila wageni anao, anataka nusu kwa nusu. Wa tatu rafiki yangu tokea chuoni kwa maalim, fundi mashine, ana milioni 6 tu, na ukweli tunagombana sana. Mwaka jana alishusha wageni wawili kwenye boti nilokuwa naendesha mimi, mbele ya watu, akasema tumejaza, nikaona kanidhalilisha. Mke wangu anasema mchukue kaka yangu, damu ni damu. Nimchukue nani?
— Nahodha, Nungwi

Waalaykum salaam mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma narudi pale pale kwenye hao wageni wawili walioshushwa. Wewe umeandika kama aibu, mimi nimesoma kama jibu.

Ila twende taratibu. Umenitajia watu watatu na wote umewaita patna, na hapo ndo watu wengi wa boti za kukodi wanapoanza kuharibikiwa, mana kila anaekuja na kitu mkononi tunamfanya mshirika. Shemegi ana hela. Yule wa hotelini ana wageni. Rafiki yako ana mikono na ana kauli. Hivi ni vitu vitatu tofauti na kila kimoja kina namna yake ya kukilipa. Hela unaweza kuingiziwa kwa mkataba wenye mwisho, wageni unaweza kuwalipia komisheni, lakini mtu wa kumwachia chombo asubuhi wewe ukiwa umelala na homa, roho ikatulia, huyo hakodishwi wala hanunuliwi, huyo ndo patna.

Mambo ya chombo kugaiwa si mageni kwetu, angalia wavuvi hapo hapo Nungwi. Dau likirudi kwanza zinatolewa gharama za safari, mafuta, barafu, chakula, alafu kinachobaki kinakatwa mafungu, kuna fungu la chombo, kuna fungu la mashine na nyavu, na kuna mafungu ya watu, kiasi gani kila pwani na desturi yake. Wazee wetu walijua chombo nacho kinakula, na anaetoa mbao na anaetoa jasho hawalipwi kwa hesabu moja. Sasa sisi wa wageni tumeingia na dola tukaacha hesabu ile, tunasema "nusu kwa nusu", nusu ya nini? Mashine ikifa mwezi wa saba mnatazamana.

Kwa hiyo kabla hujagawa na yeyote, fungu la chombo litoke kila safari na likae mbali, si kwenye simu yako wala simu ya mwenzio. Hilo ndo la oili, la impela ya pampu ya maji, la zinki ya kuzuia kutu, la kupandisha boti pwani na kupaka rangi. Mashine hizi zinataka sevisi kila masaa 100, na boti inayokwenda Mnemba kila siku mwezi wa nane masaa 100 yanafika upesi sana, kabla hujajua.

Sasa shemegi. Sina neno baya juu yake, mtu alie Muscat anafikiria kuweka kitu nyumbani ni mtu mwema. Ila laki sita kila mwezi iwe kuna wageni iwe hakuna, huo si ushirika, huo ni mkopo umevishwa kanzu ya ushirika. Aprili na Mei masika imepiga, hoteli nyingine zinafunga kabisa, boti imepandishwa juu inapakwa rangi, hiyo laki sita itatoka wapi kama si kwenye fungu la chombo? Na sisi njia yetu ipo ya zamani, mudharaba: yeye anatoa mtaji, wewe unatoa kazi, faida inagaiwa kwa sehemu mliyokubaliana tangu mwanzo, labda yeye thuluthi au nusu ya faida, na ikitokea hasara bila uzembe wako hasara ya mtaji ni yake na wewe umepoteza jasho lako. Ukifanya uzembe hapo unadaiwa. Wewe nawe unaingiza milioni zako kwahiyo itakuwa mudharaba umechanganyika na ushirika wa mali, nendeni kwa mtu anaejua fikihi awapangie, na muandike pia lini na kwa bei gani utamnunua atoke. Akikubali, mchukue kama mwenye mtaji. Akikataa akashikilia laki sita yake basi mshukuru umwache, na mkeo umwambie kwa upole kwamba unakataa deni, kaka yake hujamkataa.

Kuhusu usukani asiwe na kauli. Hilo uliandike. Mtu alie mbali na bahari akiona kwenye WhatsApp kuna bukingi ya dola 200 hawezi kuelewa kwanini leo hukwenda, yeye haoni kusi inavyovuma upande wa Mnemba na mawimbi yanavyosimama.

Yule wa hotelini mpe komisheni ya haki, ilipwe siku hiyo hiyo, usimzungushe, utaona anavyokupenda. Nusu usimpe. Wageni anaowaleta si wake, ni wa hoteli, siku akihamishwa au meneja mpya akaja na boti za rafiki zake, yeye ataondoka na ile nusu itabaki imeandikwa kwenye karatasi yako mpaka lini? Na muulize kitu kimoja kabla hamjapeana mikono: mwajiri wake anajua? Mana akifukuzwa kazi kwa sababu yako, na wewe mlango wa hoteli ile umeshafungwa.

Nimebaki na fundi wako mgomvi. Mwanangu, wewe ni wa Nungwi, wala sihitaji kukusimulia alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi ikienda Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Mwaka haujaisha, 18 Julai 2012, Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe katika msimu wa kusi. Ile ya Spice Islander nyie ndo mliotoka na vyombo vyenu kwenda kuokota watu. Najua ile ilikuwa meli na yako ni boti ya watu kumi, lakini kujaza ni kujaza, na siku zote panakuwa na mtu mmoja bandarini alieona akanyamaza. Huyu wako hakunyamaza. Alikudhalilisha, sawa, angekuita pembeni ingekuwa bora, hilo mwambie. Ila mtu anaeweza kukushusha wageni wa kulipa mbele ya macho yako mkiwa nyote mna njaa, huyo hata wewe ukifa hatokula mali ya watoto wako.

Mimi nlikuwa na patna 2009, mtu mzuri wallahi, tukicheka kutwa, hatujawahi kugombana hata siku moja, na ndo ilikuwa kasoro yenyewe mana hakuna hata mmoja wetu alieweza kumwambia mwenzie hapana. Wageni wa Julai walikuwa wanalipa depoziti tokea Februari, hela inaingia kwenye simu yake, masika ikafika kuna harusi ya mdogo wake, akachukua, akaniambia tutarudisha msimu ukianza, na mimi nikasema haya. Julai ikaja, giaboksi ya mashine ikaondoka, hela ya spea hakuna na wageni wapo gesti wanasubiri na walishalipa. Nilikopa kwa riba ambayo sitaki hata kuitaja. Depoziti ya safari ambayo haijaenda ni amana ya mgeni, inakuwa yenu mkishamrudisha pwani salama, kabla ya hapo msiiguse, na kama patna wako haoni tofauti hiyo basi hamuendani hata mkipendana vipi.

Kwa hiyo ushauri wangu wewe na fundi. Ila msisaini leo. Kodini boti ya mtu, mfanye pamoja kuanzia Juni mpaka Agosti, alafu mkae tena pamoja Novemba vuli ikinyesha na wageni wakipungua. Mwangalie jioni mkirudi, wageni wameshashuka na bahshishi zimeshagaiwa, nani anakumbuka kupitisha maji baridi kwenye mashine kutoa chumvi, nani anahesabu laifu jaketi, nani anaondoka moja kwa moja. Mwangalie akifika Mnemba anatupa nanga juu ya matumbawe au anatafuta boya. Mwangalie mgeni akimpigia kelele. Na yeye akuangalie wewe, usidhani unachagua peke yako, muulize mwisho wa msimu ameona nini kwako na ukae kimya umsikilize mpaka amalize.

Mkiridhiana nendeni mkasajili BPRA, ofisi ya usajili wa biashara na mali Zanzibar, chombo kikaguliwe na Mamlaka ya Usafiri Baharini, leseni ya Kamisheni ya Utalii, na hati ya boti iandikwe majina yote na sehemu zenu, 14 na 6 si sawa kwa sawa kwenye mali hata kama kwenye kazi mko sawa. Alafu lile ambalo watu wanaona uchuro kuliandika: mmoja akifa. Sehemu yake inakuwa mirathi siku hiyo hiyo, mjane ana thumni yake akiwa kaacha watoto, watoto wana yao, wazazi wana yao, na hawa wote sasa ni washirika wako kwenye boti. Andikeni mapema kwamba aliebaki ana haki ya kwanza kununua, boti ithaminiwe na mafundi wawili, na alipe kwa muda gani. Hujamtakia mwenzio kifo, umewalinda watoto wake.

Na kama shemegi hakubali mudharaba na hela haifiki 45? Anzeni na 20 yenu. Mafundi wa mashua wako hapo hapo kwenu pwani ya Nungwi, mashua ya mbao yenye tanga na mashine moja ya akiba inafanya sanseti vizuri sana na wageni wanaipenda kuliko faiba. Mnemba mtaenda mwaka wa tatu.

* * *

Shikamoo Ami. Mimi niko Dar, mimi na rafiki yangu wa kazini tulitoa milioni 12 kila mmoja tukanunua boti ya kupeleka watu Mbudya kutokea Kunduchi wikiendi na sikukuu. Yeye aliacha kazi akawa anaisimamia, mimi nipo ofisini. Huu mwaka wa pili nimepata milioni moja na nusu tu. Nikiuliza ananiambia mafuta yamepanda, mara nahodha kaiba, hela zote zinaingia kwenye simu yake na kadi ya boti imeandikwa jina lake. Sitaki kumkosa rafiki. Nafanyaje?
— Mama wa Tabata

Marahaba mwanangu. Kwanza usianze na neno wizi, hata moyoni. Inawezekana kabisa hajaiba, inawezekana anaishi kwenye ile boti, anakula humo, analipa ada ya skuli humo, na mwenyewe hajui imebaki shilingi ngapi. Mtu alieacha mshahara akasimamia chombo bila kulipwa mshahara atajilipa tu, na nyie hamkukaa mkapanga ni kiasi gani. Hilo kosa ni la wote wawili, na ndo sehemu ya kuanzia mazungumzo mana halimuumizi: mwambie nataka tukupangie mshahara wa usimamizi, utoke kabla ya faida.

Baada ya hapo ndo hesabu. Ukitaka kujua boti imebeba watu wangapi huna haja ya kumuuliza nahodha wala kumtuma mtu akapeleleze, Mbudya ni hifadhi ya bahari na watu wanalipiwa kiingilio, risiti zile ndo daftari lako. Agiza kuanzia Jumamosi hii risiti zote zipigwe picha ziingie kwenye grupu lenu mkirudi, pamoja na risiti ya mafuta. Ukiwa na idadi ya watu na lita za mafuta, na fundi akikwambia mashine yenu inakula lita ngapi kwa saa, mwezi mmoja tu unatosha kujua kama boti hailipi au inavuja. Boti nyingine kweli hazilipi, ujiandae na hilo pia.

Jina ndo linanitia wasiwasi zaidi kuliko hela. Leo boti ikigonga mtu au yeye akadaiwa mahali, hiyo mali kwa karatasi ni yake peke yake na wewe ni mtu aliemtumia rafiki milioni 12. Tafuta meseji za muamala za siku ile, za benki au za simu, ziprinti uziweke. Sajilini jina la biashara BRELA, ofisi ya usajili wa biashara huko bara, mkiwa wote wawili, alafu usajili wa boti ulioko TASAC, shirika la wakala wa meli, ubadilishwe uendane, fungueni akaunti ya kutia saini watu wawili, na lipa namba iwe ya biashara. Ila ujue kitu, ukishaingia kwenye ubia wa kawaida wa majina mawili na wewe unadaiwa madeni ya biashara mpaka mali yako mwenyewe, kwahiyo kama mnaona mnaendelea miaka mingi ulizeni habari ya kampuni.

Mwite mtu mzima mmoja ambaye wote mnamheshimu akae nanyi siku hiyo, mmoja tu, si ukoo mzima. Akikataa risiti, akikataa jina, akikataa na mshahara uliompangia, basi hapo omba akununue sehemu yako kwa awamu na mambo yaandikwe mbele ya wakili. Urafiki unaweza kubaki boti ikiondoka, nimeona. Kubaki na vyote viwili hivi vilivyo sasa ndo sijaona.

* * *

Mjomba salama? Niko Watamu, nina boti ya kuvua na wageni. Kuna mteja wangu Mjerumani anakuja kila Januari mwaka wa sita huu, sasa anataka tuwe washirika, anunue mashine mpya mbili na atafute wateja huko kwao. Ni mtu poa sana. Niogope nini?
— Kapteni, Watamu

Salama sana. Yeye poa nakubali, ila miaka sita yote amekujua Januari, kaskazi imetulia, sulisuli wapo, kila mtu anacheka. Mwite aje Juni. Boti iko juu ya magogo, kusi inavuma, watu wako wanasugua rangi na hakuna hata shilingi inaingia, akae wiki mbili muone kama mnazungumza bado.

Kisha mambo mawili ya kikaratasi na moja la bahari. Akitaka kufanya kazi kwenye boti hata kama mashine ni zake anahitaji kibali cha kazi cha Kenya, picha za yeye ameshika usukani Instagram bila kibali zitakuletea shida wewe, yeye atapanda ndege. Ukaguzi wa chombo wa Mamlaka ya Bahari ubaki mikononi mwako. La bahari ni samaki: mkubaliane leo sulisuli anawekwa alama na kurudishwa au analetwa pwani, mana wateja atakaowatafuta yeye watakuja wameahidiwa moja katika hayo, na wewe ndo utakaekuwa kule nje na samaki kwenye ndoano.

Alafu wateja. Mashine zikichakaa utanunua nyingine, lakini orodha ya majina ya wateja, ile barua pepe ya bukingi na kurasa zenu za mtandaoni zikiwa kwake peke yake Ujerumani, siku mkiachana umebaki na boti tupu. Iandikwe kwamba orodha ni ya biashara, na nenosiri likae kwenye simu mbili, yake na yako, kuanzia siku ile mashine zinafungwa.